Mdogo wangu ananiita mama, na mama yupo

Shikamoo Shangazi,

Natumia simu ya mama, saa hizi ni saa kumi alfajiri na chaji imebaki kidogo, kwa hiyo maneno yasipokaa sawa nisamehe. Sijalala. Yeye kalala pale mlangoni, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iko wapi. Nimemfunika blanketi langu. Baridi ya Mufindi mwezi wa saba unaijua.

Kwanza, mimi simchukii mama. Naanza na hilo maana majirani wanasema nimeingia sekondari nimeanza kumdharau. Mimi ndiye ninayemfuata kilabuni. Mimi ndiye ninayefua matope kwenye gauni lake kabla hakujakucha, watu wasione. Anayedharau anafanya hivyo?

Shida ni neno aliloniambia jana.

Alikuwa na siku tatu hajanywa. Sijui kama unaelewa siku tatu kwetu ni nini. Alifagia uwanja mpaka nyuma ya choo, akapika maharage akayaunga kwa karanga, akamwogesha mdogo wangu, ana miaka minne, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Mimi nachambua mboga. Mtoto akashika mfuniko wa sufuria, ukamuunguza vidole. Mama alikuwa palepale, hata hatua mbili hazifiki, akamnyooshea mikono. Mtoto akampita. Akanijia mimi, analia "mama, mama", akaficha uso kifuani kwangu.

Mama hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya, nimezoea. Alisema taratibu tu, "Si ndiyo ulichokuwa unakitaka?" Akachukua kitenge chake akatoka. Amerudi saa nane usiku.

Shangazi, mimi nilikitaka? Nilimbeba mtoto tangu ana miezi mitano kwa sababu alikuwa analia na hakuna wa kumbeba. Nimejifunza kukoroga uji wake kwa kumuuliza mama jirani. Leo naambiwa nilikitaka.

Haya hayakuanza jana. Zamani alikuwa anaficha viroba, vile vipakiti vya pombe kali, ndani ya debe la unga, nikichota unga wa ugali navikuta. Serikali ilipovipiga marufuku 2017 nilikuwa darasa la tatu, baba akasema sasa tumepona. Zikaja chupa ndogo. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, kuna nafuu kidogo, ule wa asubuhi ni mtamu tu, ila ukishalala siku mbili ni kitu kingine. Sasa mvua zimekwisha, ni pombe ya komoni na hizo chupa.

Baba yuko Dar, analinda. Anapiga Jumapili. "Mama yako hajambo?" Hajambo. "Mnakula?" Tunakula. Hela anatuma kwenye simu hii hii, na mwezi wa tano nilibadilisha namba ya siri. Nilitoa elfu arobaini nikanunua unga, sabuni, mafuta ya taa na dawa ya kifua ya mtoto. Mama akaniita mwizi dukani, watu wamejaa. Sikuiba. Nimeandika kila kitu nyuma ya daftari la hisabati, mpaka kiberiti. Anayetaka aje aone.

Natamani aache kabisa. Halafu kuna siku amekunywa kidogo, si sana, ndiyo ananiita nikae chini katikati ya magoti yake anisuke, ananisimulia alivyokuwa binti anachuma chai, anavyowashinda wenzake kilo. Akiwa hajanywa haniangalii usoni. Kwa hiyo saa nyingine naomba asiache, apunguze tu. Najua utanigombeza.

Kuna kitu sijakwambia. Mtoto aliponikimbilia jana, nilifurahi. Kidogo tu, halafu ikapita. Ningeweza kumwambia "mama yule pale, nenda". Sikusema. Nikambana kifuani. Nafikiri mama aliniona uso, ndiyo maana akasema vile. Lakini hata kama aliniona, nani alimfanya mtoto asimjue? Siku tatu zingefuta miaka minne?

Sasa kambi ya kidato cha nne inaanza Jumatatu, tunalala shuleni mpaka mtihani wa Novemba. Mahindi na maharage ya mchango ninayo, nililima mwenyewe. Mwalimu amesema kwa hisabati yangu hii nisipoingia kambini nisahau. Bibi miguu imemwishia, hawezi kukimbizana na mtoto. Nikimwambia baba ukweli, alishaapa kwamba siku akisikia mama amerudia, atamrudisha kwao. Na mimi ndiye nitakuwa nimemfukuza mama yangu. Nikinyamaza nikaenda, mtoto akiungua tena atamkimbilia nani? Nikibaki, nitakuwa yeye, nachuma chai.

Usiniambie niongee naye vizuri. Nimeshaongea.

Fomu ya kambi inataka saini ya mzazi. Saini ya mama naijua, ndiyo ninayoiweka kwenye ripoti zangu tangu kidato cha pili, na hakuna mwalimu aliyewahi kugundua. Hii ningeweza kuisaini sasa hivi. Lakini hii nilitaka aisaini yeye, akiwa mzima, anajua anasaini nini. Mpaka Jumatatu nitampata saa ngapi?

Jina langu usilitoe, wala la kijiji. Mama hasomi mambo haya, ila majirani wanasoma.