Barua kwa mwanangu: Yule Polly Farmer wa ukutani kwako

Mwanangu Idi,

Nakuandikia nikiwa huku kambini mgodini, zamu yangu inaisha Jumanne. Mama yako kanisimulia ya Jumamosi: uligongwa kichwa, ukayumba kama mlevi, ukamwambia kocha u mzima, ukarudi uwanjani. Usiku ukatapika. Kwenye simu ulinihadithia mabao tu.

Sikugombezi. Nataka tuzungumze habari za huyo Polly Farmer uliyembandika ukutani, mchezaji wa zamani wa huo mpira wenu wa Kiaustralia, ambaye kila tukipita lile handaki la Northbridge unanikumbusha kwamba barabara ile ina jina lake.

Unajua alivyoanza. Mtoto wa Kinoongar, wenyeji wa asili wa Australia Magharibi, kalelewa kwenye makao ya watoto ya Sister Kate huko Perth, polio ikamwachia mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Jina la Polly alipewa kwa sababu alikuwa hanyamazi, kama kasuku. Mtu wa mguu huo akawa ndiye mrukaji wa katikati, aliyegombea mpira mwamuzi akishaudundisha!

Ninachokipenda mimi ni ile pasi yake ya ngumi. Sheria hairuhusu kuurusha mpira: unaulaza kwenye kiganja kimoja, unaupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Wenzake waliitumia wakibanwa, ili kujinasua tu. Farmer aliifanyia mazoezi kwa kuupitisha mpira kwenye dirisha la gari lililo wazi, mara kwa mara, mpaka akawa anaudaka hewani na kabla hajatua mwenzake aliye mbali tayari anao na anakimbia. Shambulizi likaanzia kwenye ngumi. Wewe bado unaupiga kwa kidole gumba kilichofichwa ndani, utakivunja.

Alianza timu ya East Perth mwaka 1953, akachukua ubingwa mara tatu, na medali ya Sandover, ya mchezaji bora wa ligi ya Australia Magharibi, 1956 na 1960. Ya 1957 alilingana kura na mwenzake, akanyimwa, akaja kupewa baada ya miaka 40. Mwaka 1962 akahamia Geelong, timu ya jimbo la Victoria, na mechi ya kwanza tu goti likaharibika. Msimu karibu wote ukampita. Mwaka uliofuata Geelong wakawa mabingwa naye akiwa katikati. Kisha akarudi kwetu huku Australia Magharibi kuwa nahodha na kocha wa West Perth, akatwaa ubingwa 1969 na 1971, na fainali zote mbili aliwafunga East Perth, timu iliyomkuza. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Sasa lile ambalo halipo kwenye picha yako. Uzeeni kumbukumbu zilimtoka. Alifariki Agosti 2019 akiwa na miaka 84, na mwaka 2020 wataalamu waliouchunguza ubongo wake wakathibitisha ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi. Katika mchezo wenu, yeye ndiye wa kwanza kuthibitishwa hivyo. Yule kasuku, Idi.

Goti lake kila mtu aliliona limevimba, akapumzishwa. Kichwa hakivimbi hivyo.

Jumatano saa tatu asubuhi tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Mazoezi ya Alhamisi huendi, nimeshampigia kocha. Jezi mpe mama aifue, mpira uache. Nikirudi tutaufungua mlango wa nyuma wa gari, tushushe vioo vyote viwili, uupitishe huku nami niudake kule.

Baba yako