Barua ya wazi kwa vijana mafundi wa stima wa Kisumu: pigeni hesabu kabla ya kununua waya

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi za stima Kondele, Manyatta, Nyalenda na Mamboleo, hasa mliojifunza kazi kwa kumshikia fundi mwingine ngazi. Mikono yenu ni mizuri. Ninazipita nyumba mlizofunga na kuona soketi zimekaa sawa na waya umepita ukutani bila kuonekana. Kinachoniumiza ni kuona wengi wenu mkichagua waya kwa kuutazama tu, au kwa kufuata pesa alizotenga mwenye nyumba. Mambo haya yanahusu nyumba ambamo watoto wanalala, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Volti (msukumo wa stima) na ampea (kiasi cha mkondo wa stima unaopita) mnaweza kuzipima. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo; huo hupimwa kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Kanuni ya ukinzani tumeipata kwa Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Hesabu ni hiyo, na aliyeisahau aulize, maana mficha uchi hazai.

Chukueni shawa ya stima ya wati 5500, kama hizi zinazofungwa kila ploti siku hizi. Gawanya 5500 kwa 240, utapata karibu ampea 23. Gawanya tena 240 kwa 23, utaona ukinzani wake ni kama omu 10.5. Sasa linganisha na plagi ya pini tatu, ambayo fiuzi yake kubwa kabisa ni ya ampea 13. Mara 240, hizo ni wati 3120. Shawa imeshapita hapo kwa mbali, na bado nakuta imeungwa kwenye waya wa 1.5 (unene wa milimita mraba 1.5) wa taa! Shawa inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, waya wa 6, breka yake, swichi yake, na waya wa ethi unaofika ardhini kwelikweli.

Lakini hata waya ukiwa mnene, kuna jambo ambalo ningependa mlijue kuliko yote katika barua hii. Tuseme skrubu moja haikukazwa vizuri, na pale waya unapoingia kwenye swichi pakaongezeka ukinzani wa nusu omu tu. Ukinzani wote sasa ni omu 11, na mkondo unashuka hadi karibu ampea 22. Zidisha 22 kwa nusu omu: volti 11 zinapotelea pale kwenye skrubu. Zidisha hizo 11 kwa ampea 22, na unapata wati 242. Hilo ni joto la balbu nne za wati 60, limejaa mahali pasipozidi ukucha wa kidole. Plastiki inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Breka nayo haikati, kwa sababu mkondo haukuongezeka, umepungua. Ndiyo maana siamini fundi anayesema, "Breka itatulinda." Breka haioni skrubu iliyolegea. Kazeni, vuteni waya kwa mkono, kisha kazeni tena.

Hesabu hiyohiyo itawapunguzia lawama. Mteja analalamika kwamba jioni maji hayachemki, na fundi anakimbilia kubadilisha elementi, ile koili inayopasha maji moto. Pima volti kwanza! Zikiwa zimeshuka hadi 200, gawanya kwa omu 10.5: ni ampea 19. Mara 200, ni wati 3800. Shawa ni nzima, ila stima inayoifikia ni dhaifu. Kumuuzia mama wa watu elementi mpya hapo ni kumwibia, hata kama hukukusudia.

Kwenu mnaofunga sola huko Siaya na Busia, volti 12 hazisamehe. Mzigo wa wati 60 unaokula robo ya ampea kwenye volti 240 unataka ampea 5 kwenye volti 12. Waya wa 1.5 ukienda mita 20 na kurudi una ukinzani wa karibu nusu omu. Ampea 5 mara nusu omu ni volti 2.5 zilizopotea njiani, yaani moja ya tano ya betri yote. Ama sogezeni betri karibu na mzigo, ama nunueni waya mnene.

Mawili ya kuangalia mkiwa na mita. Ukinzani hupimwa stima ikiwa imezimwa. Na msishangae balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 60, ikionyesha chini ya omu 100 ilhali hesabu inadai 960: uzi ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo, hupanda ukishawaka. Ama mota ya posho mill, volti mara ampea haikupi wati zake kamili, kwa hiyo someni kibao kilichobandikwa juu yake.

Ninachowaomba ni hiki. Kwenye karatasi ya bei mnayompa mwenye nyumba, andikeni kila kifaa kikubwa, wati zake, ampea zake na waya utakaoubeba mzigo huo. Mwonyesheni hesabu yenyewe, maana wengi hukubali gharama wakishaiona. Akikataa kununua waya wa 6, fungeni taa na soketi zake, shawa muiache kwenye katoni. Na ambaye bado hana leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, afanye kazi chini ya aliye nayo huku akijiandaa kuitafuta yake.

Mzee wenu katika kazi,
Kisumu