Bibi asomewe barua hii yote

Leuven, Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Bibi, na naomba asomewe barua hii yote bila kukatiwa njiani, maana zaidi ya nusu ni yake. Mimi mzima, baridi imeanza, kodi ya chumba nimelipa, na mtihani wa kwanza ni Januari. Hayo yamekwisha.

Jumamosi nilikwenda Brussels na mwenzangu wa darasani, Mbelgiji, kuona kiwanda cha zamani cha bia kinachoitwa Cantillon. Mama, usikimbilie kwa Padre. Nilikwenda kuangalia mitambo na kupiga picha, na mwisho wa ziara wanakupa glasi ndogo ya kuonja, ambayo kwa kweli niliinywa yote. Kiko Anderlecht, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Midi. Kwa nje ungepita ukidhani ni gereji.

Familia ya Cantillon ilianza kazi mwaka 1900. Mwanzoni walikuwa wananunua bia ya wapishi wengine na kuichanganya, baadaye ndipo wakapika yao. Siku hizo Brussels ilikuwa imejaa viwanda vya namna hiyo. Karibu vyote vilikufa, hiki kikabaki. Baba Mdogo atapenda kusikia kwamba aliyekuja kukishika ni mkwe, Jean-Pierre Van Roy, naye ndiye aliyekifungua mwaka 1978 kiwe pia makumbusho. Sasa mpishi ni mwanawe. Kwetu kihamba, shamba la ukoo, kikienda kwa mkwe, vikao vingekaliwa mpaka Pasaka!

Kaka, picha za mikanda na puli ni zako. Mitambo hiyo iko kwenye pipa kubwa la chuma wanamochanganyia nafaka na maji ya moto: ndani kuna mapanga ya kukorogea, na juu yake mikanda mipana inapanda kutoka puli moja hadi nyingine. Ni mitambo ya karne ya 19 na bado inafanya kazi. Siku hiyo hawakuwa wanapika, ndiyo maana niliweza kuinama mpaka karibu na meno ya gia. Angalia picha ile yenye grisi mbichi kwenye ekseli. Hapo utajua hawakuvipanga kwa ajili ya wageni.

Sasa Bibi. Hawa watu hawaweki hamira.

Wanachukua kimea cha shayiri, ile ile inayolimwa West Kilimanjaro, theluthi mbili hivi, na theluthi moja ngano isiyooteshwa. Wanaweka na maua ya hopsi, ila wanayaacha yazeeke kama miaka mitatu kwanza, uchungu upungue, kwa sababu wanachotaka ni yaizuie bia isiharibike. Wewe msesewa, gome unalotia kwenye mbege yetu ya ndizi na ulezi, unautaka uchungu wake, najua, kwa hiyo hapo mnaachana. Wanachemsha kwa saa nyingi, lita 10,000 zinashuka mpaka kama 7,500. Kisha wanayapandisha maji hayo yote darini, kwenye beseni la shaba nyekundu lenye upana wa chumba kizima na kina kifupi tu, juu yake ni vigae vya paa. Wanafungua vibao vya hewa, wanakwenda kulala. Usiku huo hewa ya Brussels inaingia na vijidudu vyake, asubuhi inamiminwa kwenye mapipa ya mbao, na ndani ya siku chache povu linatoka lenyewe juu ya pipa. Hakuna aliyeongeza kitu.

Niliposimama pale darini nilikukumbuka ulivyokuwa unatufokea tukigusa chombo cha mbege kwa sabuni. Ulijua kilichojificha mle. Hawa nao hawafagii utando wa buibui kwenye ghala la mapipa, kwa kuwa buibui wanakula nzi wanaofuata tunda na pipa. Mama, nakuona ukishika ufagio. Ungefukuzwa siku ya kwanza.

Wanapika majira ya baridi tu, kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu joto likizidi hewa inaleta vijidudu vinavyoharibu. Wenyewe wanasema msimu unafupika mwaka hadi mwaka. Nikawaambia barafu ya Kibo, kule Kilimanjaro, inavyopungua, wakatikisa kichwa.

Halafu inakaa kwenye pipa mwaka, miwili, hata mitatu, na wanachanganya ya mwaka mmoja, wa pili na wa tatu, wanaifunga kwenye chupa kwa kizibo, inachacha tena humo humo. Najua utauliza, Bibi, watu wanakunywa nini wakati wote huo. Mbege ingekuwa siki tangu zamani! Ladha yake ni kali, chachu, haina utamu. Mwenzangu alikunja uso. Mimi nilisikia mbege iliyolala siku mbili zaidi.

Kuzipiga picha haikuwa rahisi. Darini mwanga ni mdogo na shaba inarudisha kila taa, kwa hiyo nilizima flashi, nikaegemeza simu kwenye nguzo na kusubiri. Beseni lile halikuenea kwenye picha moja hata nilipojibanza kwenye kona.

Na hapo ndipo nina ombi, Kaka. Mama aliniambia jiko la zamani la Bibi mnalibomoa mwakani. Kabla watu hawajapanda kwa Krismasi na kila mmoja kuondoka na kibuyu cha kupamba sebule yake Dar, nenda na simu yako. Vyungu vile vikubwa, kata zote hata ile iliyopasuka, jiwe la kusagia ulezi, kinu. Toa nje asubuhi, kivulini, jua la mchana litakuharibia. Kila chungu weka na kata pembeni ili ukubwa wake uonekane, piga na ndani yake, usivioshe kwanza. Kisha mkalishe Bibi hapo na umrekodi akisema kila kimoja ni cha nini, nani alikifinyanga, na migomba gani alikuwa anaichagua. Usimkatize akianza habari za harusi ya Shangazi, zote zina mbege ndani yake.

Na chungu kimoja kisihamishwe. Bibi atasema kipi. Nikija Agosti ningependa nimwone akikitumia, hata kwa mkungu mmoja tu, nami nisage ulezi.

Hela ya bando nimekutumia leo, usiniambie haijafika. Mama, soksi umezipata? Nisalimie watoto na majirani wote.

Ni mimi mwanenu.