Nani atabaki na spana?

Ndugu Mhariri,

Kijijini kwetu kuna kisima cha pampu ya mkono tulichochimbiwa na shirika moja lisilo la kiserikali. Kibao chenye nembo za wafadhili bado kinasomeka vizuri. Pampu yenyewe ilikufa siku mpira wa ndani ulipolika, maana hakuna aliyefundishwa kuubadilisha wala duka la karibu linalouza kipuri hicho. Akina mama wamerudi korongoni, wanateka kwa kata, ndoo moja nusu saa.

Sisemi mashirika haya hayana maana. BRAC, iliyoanzishwa Bangladesh mwaka 1972, katika miaka ya 1980 ilituma watumishi nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kutibu kuhara: chumvi ya kubana kwa vidole, konzi ya sukari guru, na maji safi. Malipo ya mwalimu yalitegemea yale ambayo mama aliyakumbuka baadaye. Hapo ndipo ninapovutiwa hasa. Hawakulipwa kwa wingi wa semina (na sisi posho za semina tunazijua), walilipwa kwa ujuzi uliobaki jikoni.

Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, miradi mingi Afrika ilisimama ghafla. Basi naziomba halmashauri zetu, kabla ya kusaini mkataba wowote wa mradi, ziulize nani atabaki na spana, na kipuri kitanunuliwa wapi, kwa fedha za nani.

Msomaji wako,
Kongwa, Dodoma