Barua kwa Zuhura: meli inayojitia maji kwa makusudi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi yako anasema usishindie chipsi kila siku, upike.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na ile picha ya manowari. Umeuliza mambo mawili: kama ile ni meli ya kubeba ndege za kivita, na kwa nini ina mlango mkubwa nyuma, tezini, unaoingiza bahari ndani na bado haizami. Nimeona nikuandikie barua, maana kwa simu tungekatizana, na swali lako la pili limenigusa. Nimefanya kazi ya matishari, vile vyombo bapa vya kupakulia mizigo melini, maisha yangu yote, na meli ile imejengwa kwa ajili ya shida ile ile tuliyokuwa tukipambana nayo sisi nje ya bandari ya Tanga.

La kwanza halina urefu. Ile ni meli ya kushusha wanajeshi pwani. Ina sitaha bapa juu, ndiyo maana watu wengi huichanganya na ile ya kubeba ndege, lakini kazi yake ni kufikisha watu na zana nchi kavu mahali pasipo na gati. Wamarekani wana aina ya Wasp, yenye urefu wa mita 257 hivi na uzito unaopita tani 40,000. Inachukua mabaharia kama 1,000, na juu yao askari wa kushuka pwani zaidi ya 1,600 pamoja na malori, mizinga, mafuta, chakula na hospitali yenye vyumba 6 vya upasuaji. Sitahani kuna helikopta na ndege zinazoweza kutua wima. Wafaransa wana za kwao aina ya Mistral, fupi zaidi, mita 199. Misri inazo mbili za aina hiyo, ilizinunua baada ya Ufaransa kughairi kuiuzia Urusi. Wachina nao wanazijenga. Na haziendi peke yake: kwa kawaida hufuatana na meli nyingine mbili tatu za kushusha mizigo, na manowari za kuzilinda.

Sasa tuje kwenye mlango.

Wewe umekulia hapa, lakini ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki vizuri kazi ilivyokuwa. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli inafunga gatini. Zamani meli kubwa ilitia nanga kule nje, tagi linavuta matishari hadi ubavuni mwake, mzigo unateremshwa kwa winchi. Ukiwa ndani ya tishari huangalii silingi, yaani kamba zilizobeba mzigo, unaangalia wimbi. Magunia yanashuka, tishari linapanda. Vikikutana hapo katikati, mtu anavunjika mguu. Au tishari linashuka ghafla, silingi inabaki inaning'inia na kubembea, na wewe umesimama chini yake huna pa kukimbilia. Mpiga ishara aliyeijua kazi alikuwa anainua mkono, anangoja, anangoja, mpaka tishari lifike kileleni mwa wimbi na kutulia kidogo, ndipo anaushusha. Mtu wa winchi alikuwa hatazami kitu kingine ila mkono ule. Na hayo ni magunia, mchana, bahari ya Tanga, wala hakuna anayekurushia risasi.

Fikiria sasa mzigo ni lori la kijeshi, na badala ya makuli kuna vijana mia mbili wanateremka ubavuni kwa nyavu za kamba, mgongoni wamebeba bunduki na risasi, chini boti inaruka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya katika Vita Kuu ya Pili. Wapo walioangukia kati ya boti na meli.

Kwa hiyo wahandisi wakasema: tishari liingie ndani ya meli. Lipakiwe humo humo chini ya paa, mahali pasipo na wimbi, kisha bahari iletwe ndani ilieleze, na litoke kwa mlango wa nyuma likiwa limeshajaa. Katika aina ya Wasp, ukumbi huo wa nyuma una urefu wa mita 81 hivi na upana wa mita 15. Meli inapotaka kuushusha chini ya usawa wa maji, inajaza matangi yake maji ya bahari, hadi tani 15,000. Tezi linazama taratibu, mlango unafunguliwa, maji yanaingia. Kazi ikiisha, matangi yanasukumiwa hewa yenye shinikizo, maji yanatoka, tezi linapanda, na ukumbi unajimwaga wenyewe. Vyombo vya hovakrafti vinavyotoka humo hubeba tani 60 hivi na kwenda noti 40 na zaidi, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa, vikielea juu ya hewa yao wenyewe, kwa hiyo vinapanda mpaka mchangani.

Lakini wewe umeuliza kwa nini haizami, na hili nataka ulishike kwa mikono miwili kwa sababu ndiyo kazi unayoisomea. Maji yakiwa yamejaa tangi mpaka juu, hayaleti shida. Ni uzito uliotulia. Maji yasiyojaa ndiyo adui. Meli ikilala kidogo upande mmoja, maji yote hukimbilia upande huo na kuilaza zaidi. Na kadiri eneo linavyokuwa pana, hatari haiongezeki polepole, inaruka: ukizidisha upana mara mbili, nguvu ya kuipindua meli inakuwa mara nane. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Kiingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, sitaha moja pana isiyo na kizuizi tangu ubavu huu hadi ule. Ikapinduka kwa dakika chache tu. Watu 193 walikufa.

Ile meli ya picha yako inafanya kitu ambacho ukikitazama haraka ni kile kile, inafungua mlango na kukaribisha bahari. Tofauti ni kwamba ukumbi wake ni mwembamba kuliko meli yenyewe. Kila upande kuna ukuta mnene wenye matangi ndani, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kukimbia kutoka ubavu hadi ubavu. Na kila tani inayoingia imeshapigiwa hesabu kabla valvu haijafunguliwa: tangi lipi lianze, lipi lifuate, lipi lisiachwe nusu. Hesabu hizo mwalimu wako akianza kuzifundisha, usikose hata siku moja. Feri zetu za hapa nyumbani zinazihitaji kuliko manowari ya mtu yeyote.

Kuna jambo limenifurahisha katika habari za meli hizi. Wamarekani walipojenga aina mpya, America, iliyoanza kazi mwaka 2014, mbili za mwanzo waliziondolea ule ukumbi wa maji ili wapate nafasi kubwa zaidi ya ndege na mafuta yake. Walifikiri helikopta zitatosha. Ya tatu wakaurudisha. Kitu kizito hakina njia ya mkato, Zuhura, lazima kipite majini, na mimi naona walichelewa kulikubali hilo.

Meli ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni yale maji machache yaliyobaki kati yake na mchanga. Novemba 1943 Wamarekani walishambulia kisiwa cha Betio, huko Tarawa katika Pasifiki, kilichokuwa mikononi mwa Wajapani. Walikuwa na meli za kutosha na mizinga ya kutosha. Ila walikuja wakati wa maji mafu, maji yanapojaa kidogo tu. Boti zao zilihitaji zaidi ya mita moja ya maji juu ya mwamba, na maji hayakufika. Zikakwama. Vijana wakaruka na kutembea mamia ya mita majini, maji kifuani, wanapigwa risasi mbele na pembeni. Vita ilikwisha kwa siku tatu na nusu hivi. Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa, na Wajapani karibu wote. Waliokuwa na magari yenye minyororo yanayoogelea ndio waliovuka mwamba. Mvuvi yeyote wa Deep Sea au Sahare hapa Tanga angewaambia ngojeni bamvua, maji yanapojaa sana.

Na hapa kwetu? Umepita Raskazone mara ngapi ukienda kuogelea? Novemba 1914, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, Waingereza walileta meli kutoka Bombay na wanajeshi 8,000 hivi, wengi Wahindi, chini ya Jenerali Aitken. Vijana wale walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wanatapika, wamebanana. Tarehe 2 ilitangulia manowari Fox. Nahodha wake akashuka mjini kudai mji usalimu amri, akatoa muda wa saa moja. Muda ukapita hakuna aliyesalimu. Kisha wakapoteza wakati kutafuta mabomu ya majini bandarini, na hayakuwapo. Wakati huo von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, anapakia askari wake kwenye treni kutoka upande wa Moshi, wanashuka Tanga kundi baada ya kundi. Waingereza wakashusha watu wao Raskazone, gizani, kwenye mikoko na matope, badala ya gatini. Tarehe 4 wakasonga mjini kupitia mashamba na vichaka. Walikuta askari kama 1,000 tu upande wa pili, lakini waliopumzika na wanaoijua ardhi. Risasi zikatifua na mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakawavamia watu. Tarehe 5 wakarudi melini kwa haraka, wakaacha pwani bunduki na masanduku ya risasi. Zaidi ya 800 upande wao waliuawa au kujeruhiwa. Askari Waafrika walikufa pia, makumi kadhaa, kwa vita ambavyo havikuwa vyao, na hilo huniuma kila nikipita njia ile.

Watu hupenda kusimulia nyuki. Mimi naona walishindwa kabla ya nyuki, walipotoa taarifa kwamba wanakuja kisha wakachelewa kushuka. Kosa jingine la wakati ule hata kuli angeliona: meli hupakiwa kinyume, kitu utakachokihitaji kwanza ndicho kinachoingia mwisho. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakienda kushambulia Gallipoli, Waingereza haohao iliwabidi wapeleke meli zao Alexandria kupanga mizigo upya, maana bunduki zilikuwa meli hii na risasi meli ile.

Mambo haya hayajatupita na sisi wenyewe. Januari 1964, jeshi lilipoasi, Mwalimu Nyerere aliomba msaada, na makomando wa Kiingereza wakaruka kwa helikopta kutoka manowari Centaur hadi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Machi 2008 vijana wetu wa JWTZ, pamoja na Wasudani na Wakomoro, walishuka kwa vyombo vya majini kisiwani Anjouan, huko Komoro, kumng'oa Mohamed Bacar aliyeng'ang'ania madaraka.

Sipendi vita, unanijua. Ninachokipenda katika meli hizi kilionekana baada ya tsunami ya Desemba 2004. Barabara za Aceh, Indonesia, zilikuwa zimekatika, bandari zimesombwa. Bonhomme Richard, moja ya zile za aina ya Wasp, ilifika huko, na vile vyombo vyake vilivyotengenezwa kupeleka silaha ufukweni vikapeleka chakula na maji. Fikiria kimbunga kikipiga Pemba au Mtwara na gati likaharibika. Meli isiyohitaji gati ndiyo itakayowafikia watu kwanza.

Na ujue pia meli hiyo iliishaje. Julai 2020 ilikuwa matengenezoni San Diego, imefungwa gatini. Moto ukaanza kwenye sitaha ya chini ya magari, palipojaa vifaa vya mafundi. Vituo vingi vya kuzimia moto vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya matengenezo. Kulikuwa na kitufe cha kumwaga povu. Hakikubonyezwa kwa wakati. Iliungua zaidi ya siku nne, kisha ikauzwa chuma chakavu. Hakuna adui aliyeigusa. Ukipelekwa mafunzo kwa vitendo melini, kabla hujaonyeshwa kitanda chako uliza kitufe cha povu kiko wapi, na ukakishike kwa mkono.

Nauli ya Idi nimekutumia jana, angalia kwenye simu. Njoo na daftari lako la uimara wa meli, nami nitakuonyesha michoro ya tishari niliyoihifadhi, tupige hesabu pamoja tuone lingevumilia maji kiasi gani. Na muulize mwalimu wako kwa niaba yangu: meli ile ikiwa imelegeza tezi, mlango uko wazi, kisha wimbi la kusi likaipiga ubavuni, wanafunga mlango kwanza au wanasukuma maji kwanza? Nimelifikiria sana hilo. Akikujibu, niandikie.

Wasalaam,
Baba yako