Mwinyi na Mkapa: mbona 1977 haitajwi?

Ndugu Mhariri,

Ukizuka ubishi wa rais gani wa Tanzania alifanya makubwa baada ya Mwalimu Nyerere, hukumu ni ileile: Mzee Mwinyi alitoa rukhsa, yaani alifungua milango ya biashara, Mkapa aliyemfuata akajenga nchi. Mizani hiyo naona imechakachuliwa.

Kazi ya Mkapa siipingi. Alirithi hazina iliyotobolewa na misamaha ya kodi na wahisani waliosusa. TRA, mamlaka ya kukusanya kodi, ikaanza kazi Julai 1996, na kufikia 2001 sehemu kubwa ya madeni ikasamehewa. Daraja la mto Rufiji limestahili kuitwa Daraja la Mkapa. Aliyewahi kulala Ndundu akisubiri kivuko cha kwenda Lindi ananielewa.

Na rukhsa nayo si jambo dogo kwetu tuliopanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la kaya, la bidhaa za mgao, ukifika dirishani unaambiwa sabuni imekwisha, labda Alhamisi. (Ingawa, tuseme kweli, mlango ulianza kufunguliwa na bajeti ya 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu.)

Ninalolidai ni jingine. Mwaka 1976 watu waliokamatwa Shinyanga na Mwanza katika msako wa wauaji wa vikongwe waliteswa, baadhi wakafia mikononi mwa dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, hakuagiza mtu apigwe. Januari 1977 akajiuzulu, akarudi kuwa raia wa kawaida bila kujua kama siasa itamwita tena.

Januari 2001, Mkapa akiwa rais, waandamanaji wa upinzani walipigwa risasi Pemba, Zanzibar, wengine wakapanda mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Iliundwa tume, ukatiwa saini muafaka kati ya CCM na CUF, chama cha upinzani. Waziri wa kuachia ngazi hakuonekana. Mkapa mwenyewe alikiri kwamba mauaji yale ni doa la urais wake katika kitabu chake cha 2019, miaka 14 baada ya kukabidhi Ikulu. Alikiri, na wengi hawafiki hata hapo. Lakini mmoja alilipa kwa cheo siku zile zile, mwingine kwa wino akiwa mstaafu.

Nina ombi. Ichapisheni barua ya Mwinyi ya kujiuzulu, yote, kando ya maneno ya Mkapa kuhusu Pemba. Msingoje kumbukizi ya Mzee Rukhsa, maana alitutoka Februari 29, 2024, na tarehe hiyo hairudi hadi 2028. Julai 24, siku ya kumbukizi ya Mkapa, inatosha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro