Usiongeze GnRH, Salma

Salma ndugu yangu,

Salamu nyingi. Za huko na hiyo baridi? Bibi Zuhura anakusalimu, mzigo umefika. Umeniandikia kuwa majike wako wa Rana pipiens, wale vyura wa madoa wa Amerika Kaskazini, hawatagi hata baada ya sindano ya GnRH, homoni ya kuchochea uzazi, na sasa unataka kuongeza kipimo. Tafadhali, usimdunge chura yeyote kabla hujamaliza barua hii.

Kipimo chako hakina kosa. Kinachokushinda ni dopamini, kemikali ya ubongo. GnRH kutoka kwenye ubongo huichochea tezi ya pituitari itoe homoni ya LH, nayo LH hupevusha mayai na kuyatoa kwenye ovari. Lakini dopamini inaizuia LH hiyohiyo. Ukizidisha GnRH peke yake unakanyaga mafuta huku breki imeshikwa. Kwa Xenopus, wale vyura wa maabara wa Kiafrika, hukuliona hili kwa sababu hCG, homoni ya mimba ya binadamu, huenda moja kwa moja kwenye ovari, haiuombi ubongo ruhusa. Rana pipiens haitikii hCG vizuri.

Basi achia breki. Metoklopramidi, ileile dawa ya kuzuia kutapika, huziba vipokezi vya dopamini (aina ya D2), yaani milango inayopitia kufanya kazi. Maabara ya Vance Trudeau kule Ottawa ilichapisha mchanganyiko huo mwaka 2010: GnRH-A (GnRH ya kutengenezwa, isiyovunjika upesi) mikrogramu 0.4 na metoklopramidi mikrogramu 10 kwa kila gramu ya uzito. Jike wa gramu 40 anapata mikrogramu 16 na 400, kwa sindano moja. Yeyusha miligramu 0.8 na miligramu 20 katika mililita 10 za maji ya chumvi ya asilimia 0.7, hapo mililita 0.2 zinamtosha. Tia protini ya albumini kidogo, maana GnRH hunata kwenye kuta za chupa, na igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha: kuiyeyusha mara kwa mara kunaiharibu. Dunga chini ya tumbo, pembeni. Katikati pana mshipa. Dume naye adungwe, kisha waweke pamoja majini, usiwasumbue.

Akikolea weusi usishtuke. Dopamini huzuia pia MSH, homoni ya rangi ya ngozi. Ndiyo maana Xenopus kwenye beseni jeupe hupauka, GABA na NPY, kemikali nyingine za ubongo, zikiisaidia dopamini.

Ila breki ikiachiwa kwa jike asiye na mayai yaliyokomaa, hutapata kitu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Majike wako walikaa baridini wiki ngapi? GnRH uliyo nayo ni ya asili au GnRH-A? Ya asili huvunjwa upesi mwilini. Uliwapima siku ya sindano, au ulitumia uzito wa zamani? Na Omari bado ndiye anayewalisha?

Nijibu upesi,
Mwanaidi